Kidole cha Shahada

Blackpool, mvua inapiga ubavuni.
Mama wa kibandani kanishika mkono,
pauni tano keshazitia kibindoni:
"Duara hili gumbani, mkaidi.
Kitanzi hiki, mwepesi wa kusamehe.
Na hapa, kidole cha shahada, tao:
wewe hutegemei mtu."

Nikamwitikia, eeh, eeh.
Sikumwambia tao lile ni kovu la pasi
ya hoteli ya Bi Ormerod,
shuka mia na arobaini kwa siku.

Jumatatu, Preston, ofisi ya vibali.
Kioo kikamulika kijani.
Jaribu tena. Futa mkono. Jaribu tena.
Miaka tisa ya jiki imelamba duara, imelamba kitanzi;
mashine haikuona mtu.

Ikabaki shahada.
Pale penye kovu
ikalia ti,
ikanijua.