Uzi wa Nne

Ukulele ya Asajile ilirudi Tukuyu
ndani ya gunia la mchele wa Kyela,
nyuzi zote nne zimekatika,
tumboni mna punje kumi na mbili. Nilizihesabu.
Mwenyewe hakurudi.

Nikaanza na nilichokuwa nacho:
waya wa breki ya baiskeli,
nikauchambua unywele mmoja mmoja
kwenye meza ninayotengenezea redio.
Ulilia kama msumari juu ya bati,
kila noti imesimama wima, imevaa viatu.
Mama Lwitiko akagonga ukuta.
Siku ya tatu shingo ikaanza kuinama,
daraja likabanduka upana wa ukucha.
Chuma hudai kuliko mti unavyoweza kulipa.
Nikalegeza upesi.
Nilishawahi kuchelewa kulegeza.

Nikaagiza mshipi kutoka Matema,
ule wa kuvulia mbasa.
Huo ulikubali. Sauti safi, ya mviringo,
kama maji yanayomiminwa kikombeni,
kikombe kimoja, na kingine, na kingine, sawasawa.
Haujali baridi, hauna ugomvi na mvua.
Nikapiga mpaka taa ikaisha mafuta
na sikumsikia.

Mwisho nikamwendea Mwakalobo mchinjaji
kuomba utumbo wa mbuzi.
Akacheka: "Supu ya mtu mmoja?"
Nikaukwangua kwa majivu, nikausokota,
nikautundika juu ya mafiga siku tisa.
Ukatoka na rangi ya chai ya maziwa,
na ulipoguswa ukatoa sauti yenye vumbi,
sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi,
hajanawa uso,
anauliza kama vimebaki viporo vya ndizi.

Basi: mishipi mitatu, utumbo mmoja.
Huo wa nne, karibu na kidole gumba.
Ukungu ukishuka kutoka Rungwe
unahama sauti, unawaacha wenzake njiani.
Mama Lwitiko, aliyekuwa akigonga ukuta,
siku hizi huja dirishani na ungo:
"Unasemaje leo? Nianike maharage?"

Kutabiri mvua Tukuyu si elimu,
hata kuku anaweza.
Lakini nampigia, mara moja, polepole.
Anasikiliza kichwa kikiwa upande.
Anarudi ndani na ungo wake.

Nami nakaza sikio la uzi,
kidogo, bila kulazimisha.
Kesho utahama tena.