Mkate Uliolala

Mkate wa Jumatano, na leo Jumamosi,
umekauka hata kisu kinaukataa.
Nimeuvunja kwa mikono, vipande vya ukubwa wa kiberiti,
nikavilaza kwenye sufuria ile pana
iliyobaki na sikio moja.

Mayai saba. Nane. La nane kiini chake rangi ya chungwa,
kuku wa Mama Sizya wanakula wanachotaka.
Maziwa nusu lita ya yule kijana wa baiskeli
anayepiga kengele Ng'ambo nzima kabla ya adhana.
Iliki nimeitwanga na maganda yake, sina subira ya kumenya.
Chumvi, kidogo tu, ya kuamsha utamu.

Na asali.
Hapo mkono ulisita.

Asali ya Sikonge, imekuja kwenye chupa
iliyowahi kubeba kitu kikali zaidi,
kizibo chake gunzi la mahindi,
haina barua, haina salamu.
Kabula ndiye aliyeileta: "Baba kasema nikupe."
Baba yake ni kaka yangu Mihambo.
Miaka mitatu hatujasemeshana,
tangu tulipoanua matanga ya mzee, ikahesabiwa mizinga,
arobaini na moja ya magome, huko msituni,
naye akasema mbele ya watu wote
mwanamke hapandi mti kurina,
atagawiwaje nyuki?

Sikujibu siku ile. Jibu lilibaki, likalala,
likawa kiporo kifuani;
kila nikilipasha moto linashika chini.

Nikamimina chupa yote. Sikupima kwa kijiko.

Masista wa hosteli nilikopikia
waliuita mkate wa Kifaransa.
Sijui. Mfaransa gani angekubali
nimwagie karanga za Urambo zilizopondwa kwa chupa?
Mimi nauita mkate uliolala mara mbili:
kwanza kwa kusahauliwa,
halafu kwa kutandikiwa.

Umeme hakuna, ila Julai ya Tabora haidai friji.
Sufuria ndani ya beseni la maji, kitambaa kibichi,
tofali juu ya kifuniko kwa ajili ya paka.
Saa nane usiku treni ikapiga honi stesheni,
nikaamka, nikafunua, nikabonyeza kwa kidole.
Ule ugumu wa Jumatano ulikuwa umeanza kunywa.
Haukubembelezwa.
Ulilowekwa tu, ukaachwa.

Asubuhi mkaa kidogo chini, mkaa mwingi juu ya kifuniko.
Wengi hukosea hapo, huunguza kitako uso ungali mbichi.
Saa tatu na nusu umeumuka, umepasuka katikati,
jirani anachungulia dirishani akijidai anatafuta ufagio wake.

Saa nne na robo
baiskeli ikaegemezwa ukutani.
Kesho anakwenda Kitete kupimwa macho,
amepita, kasema, kwa kuwa ni njiani.
Nyumba yangu haiko njiani.
Tuliliacha hilo lipite.

Kipande cha kwanza alikula kimya.
Cha pili alikitafuna polepole, amefumba macho.
"Hii ya mzinga wa kwenye mninga," akasema,
"ule wa baba, wa mwisho, karibu na mto."
"Wewe ndiye unayejua," nikamjibu. "Mimi sipandi miti."

Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia,
makombo yakaruka mezani.
Kisha akakaa na kikombe mpaka chai ikafanya utando.
"Wala mimi," akasema. "Tundu la mzinga silioni tena.
Anayepanda sasa ni Kabula."

Sikumuuliza kitu. Nilikuwa na maneno, miaka mitatu nayo,
lakini yalikuwa laini mno kushikika.

Sufuria ikabaki na ukoko, ule mweusi wa pembeni
ambapo asali imegandana na karanga.
Tulipokuwa wadogo tuliugombania hadi kung'atana;
alama ninayo mkononi mpaka leo.
Alikwangua kwa kijiko, akainama karibu sana ili aone,
akaukusanya wote,
akausukumia upande wangu.