Imelipwa

Bibi alilikataa neno moja tu la Kiswahili.
Mengine aliyatafuna kama karanga,
lakini "mtumwa" alilitema.
"Aliyetumwa, katumwa na nani?" akiniuliza,
ungo mapajani, akipepeta wimbi.
"Mama alinituma mto Sio nikateke maji.
Huko ndiko nilikotumwa.
Kwingine kote niliibwa."

Alizaliwa msimu wa mtama, akaitwa Namaemba.
Mumias wakambandika jina: Zafarani.
Miaka kumi na mitatu aliitikia kiungo
asichopata kukionja.
Bei yake aliijua, ilitajwa yeye akiwa pale pale:
doti mbili za marekani, waya wa shaba urefu wa mkono.
Kisha muuzaji akaongeza chumvi kidogo juu yake,
kwa kuwa mtoto alikuwa anakohoa.
Chumvi ndiyo iliyomuuma.
Hadi kufa kwake alikula mboga chapwa.

Kwa Msellemu alisaga, akafua, akalea watoto
ambao walipoota meno walijifunza kumtuma.
Usiku alilazwa kizingitini pa ghala la pembe.
Ghala halikuwa na kufuli. Kufuli alikuwa yeye.

Ndipo reli ikafika Kisumu,
na habari ikashuka pamoja na mizigo:
mtu hauzwi tena.
Msellemu akacheka hadi akapaliwa na kahawa.
"Sheria haijui kuogelea," akasema.
"Haijavuka Nzoia."

Basi akavuka yeye.
Siku tatu kwa miguu, kuku wawili kwapani,
mmoja wa hakimu, mmoja wa karani,
maana mkono mtupu haulambwi.
Karani hakuinua kichwa.
Bibi akamweleza mto, mtungi, kamba, chumvi,
akamweleza mlango.
Karani akawatazama kuku.
Akaandika, akagonga muhuri,
akaita, "Mwingine!"

Akarudi.
Watu hawalielewi hilo, hata mimi lilinichukua miaka.
"Nilikuwa nimewaacha wenzangu,"
alisema, kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Msellemu hakuzijua herufi za kizungu.
Akaitwa Wesonga, kijana wa misheni,
ndevu bado hazijamtoka.
"Soma."
Wesonga akaisoma kwanza kwa macho.
Midomo yake ikaanza, ikasimama.
Akaitazama miguu ya Bibi, malengelenge yaliyopasuka,
vumbi la Kisumu lililogandana na damu.
Akainua karatasi, akasoma neno la mwisho
kwa sauti ya mnadi wa soko:
"Imelipwa."
"Na hayo mengine?"
"Mengine ni mambo ya muhuri."

Kwa karatasi hiyo walitoka watu kumi na mmoja.
Iliingia uani ikiwa imekunjwa ndani ya kanga,
ikatoka na mtu nyuma yake.
Alitoka Tufaha na pacha wake.
Alitoka Majuto, aliyeishika juu chini
akaikariri neno kwa neno, maneno yasiyokuwemo.
Alitoka mzee mmoja aliyesahau jina la kwao;
walipofika ng'ambo ya Nzoia
akaomba aitwe kwa jina la mto.
Kila walipoulizwa, Wesonga aliitwa.
Kila alipoitwa, alisoma neno lile lile.
Baadaye alipata kigugumizi, wanasema,
ila si kwa neno hilo.

Ninayo hapa mezani.
Malori ya miwa yanapita nje, kioo cha dirisha kinatetemeka.
Wino umekuwa rangi ya chai.
Ushuru wa soko, inasema.
Kuku, wawili.
Pesa nne.
Imelipwa.

Nilipokuwa darasa la tano nilimsomea yote,
kwa fahari ya mtoto anayejua kusoma,
kabla sijajua ninachovunja.
Ungo haukusimama.
Makapi yakaruka, wimbi likabaki.
"Mmoja alikuwa tetea," akasema Bibi.
"Alikuwa karibu kutaga."