Mzizi -fuk-

Shule ya jioni, Katuba, umeme umekatika tena,
naandika ubaoni kwa taa ya simu ya Mwadi:
-fuk-
Mzizi peke yake hausemi kitu, nawaambia.
Ni kokwa. Ukilitafuna utavunja jino.
Uupe cha mbele, uupe cha nyuma, ndipo upumue.

Nina kitabu kimoja, jalada limeliwa na mchwa,
kinaeleza lugha ya Wanavajo,
watu wa mbali wenye udongo mwekundu kama wetu.
Kwao shina la kitenzi hungoja mwishoni.
Nani, namna gani, mara ngapi,
vyote hutangulia, kimoja kimoja,
kama watu wanaoingia matangani,
kisha shina linaingia na kufunga mlango.
Na lenyewe hubadilika kwa umbo la kilichoshikwa:
kamba ina lake, tope lina lake.
Sisi mzizi wetu tumeuweka katikati.
Tu-li-m-fuk-i-a.
Udongo huku, udongo huku.

Kabange hakunakili.
Kucha zake bado zina kijani cha malakiti
ambacho sabuni ya Mama Mwadi imeshindwa.
Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya unga:
"Mwalimu, fukia na fukua, ni muzizi moja?"
Mmoja, nikasema. Irabu tu imegeuka.
Kama funika na funua. Kama ziba na zibua.
Nikainogewa mifano yangu, mjinga mimi,
nikafika hadi fukulika, fukuliwa,
chaki inalia ubaoni,
ndipo nikamkumbuka Kyungu, pacha wake,
na shimo la nyuma ya Ruashi, na mvua ile ya Februari.

"Bulongo bulimufukia mu dakika moja," akasema.
"Kumufukua, siku tatu."

Kimya. Mwadi akahamisha simu mkono mwingine,
vivuli vyetu vikaruka ukutani.
Siku tatu, kati ya *i* na *u*.
Hilo halimo kitabuni, wala chenye jalada, wala kisicho nalo.

Nikashika kitambaa nifute.
Kabange akainuka, akanipokonya chaki,
akaandika chini ya orodha yangu yote,
herufi kubwa, zimelala upande kama mbao za kuzuia shimo:

tutafukuana

Umbo hilo sikuwa nalo kwenye jedwali.
Nililitazama, nikalikagua silabi kwa silabi.
Sarufi inaliruhusu.