Tone la Kona

Fundi Shali, ulipaka silikoni
kama mtu apakaye siagi mkate wa wageni,
ikafura ukingoni, nyekundu, ukaipiga kidole ukasema:
"Mwalimu, hii haivuji hata kiama."

Kiama kilifika Jumatano, karibu na njiapanda ya Gede:
moshi chini ya boneti, oili ikiungulia ekzosi
kama vitumbua vilivyosahauliwa jikoni,
na binti yangu Mwanahawa kiti cha nyuma
kakumbatia keki ya harusi ya watu.

Sikurudi kwako. Nilirudi kwangu Barani
nikivutwa kwa kamba na lori la makuti,
nikatandika gunia uani, nikavua bangili,
nikafungua kifuniko cha valvu
kwa spana namba kumi ya Kahindi wa baiskeli.

Humo ndani, Shali, nikaiona kazi yako.
Nyuzi nyekundu, nene kama tambi,
zimekatika kwenye mpako wako mpana
zimelala ndani ya oili zikingoja safari.
Nikazitoa kwa kibanio cha nyusi,
nikazihesabu, ndiyo mazoea yangu: thelathini na saba.
Moja tu ingeziba kinywa cha pampu,
injini ikafa kwa kiu na tumbo limejaa.

Basi nikaanza upya,
kama hesabu iliyokosewa mstari wa kwanza.
Kutwa nzima kukwangua.
Si kwa bisibisi; bisibisi huacha mkwaruzo,
na mkwaruzo kwa oili ya moto ni mto.
Kwa rula ya plastiki ya darasa la sita,
na pande la kanga lililoloa petroli
(jina lake limefutika, limebaki SIO KILA),
hadi kidole kikapita ukingo mzima
bila kukwama, bila kuteleza.

Gasketi mpya ya mpira nikaivalisha kavu.
Bolti za katikati kwanza, kisha za nje,
huku moja, kule moja,
duru ya kwanza kwa vidole,
ya pili kwa spana, ya tatu kwa kuzuia pumzi,
maana anayekaza kwa hasira hupinda kifuniko.

Nikaiwasha. Ikanguruma sawasawa.
Famau akapiga makofi dirishani.
Nikainama na tochi, na kiburi changu chote,
nikaona tone.
Moja. Kona ya mbele, upande wa mnyororo,
jeusi kama nukta mwishoni mwa sentensi
niliyodhani nimeimaliza vizuri.

Nilikaa juu ya lile gunia hadi adhana ya alasiri.

Ulikuwa unakula muhogo wa kuchemsha
nyuma ya mashine ya mbao. Hukucheka.
Ulifuta mkono kwenye suruali, ukasema:
"Kona, Mwalimu. Pale vyuma viwili vinapokutana
pana kingazi, na mpira haujui kushuka ngazi.
Pale ndipo panapotaka silikoni. Tone moja."

"Na kwingine kote ulikopaka?"

Ukautazama muhogo.
"Kwingine kote... nilikuwa na magari saba siku ile."

Sikuwa na jibu. Mimi nami
nina madaftari hamsini na tisa, na ziko Jumapili
ninapotia tiki bila kusoma.

Nikafungua tena. Nikafuta tena.
Kila kona tone kama punje ya choroko,
nikafunika kabla halijaota ngozi,
nikakaza, nikauficha ufunguo kwenye kopo la unga
asije Famau akataka kusikia mngurumo usiku.

Asubuhi niliiwasha, ikachemka robo saa.
Kadibodi niliyotandika chini ikabaki kavu,
ila nyayo za paka.

Umetoka, nimeambiwa, umeitwa Mambrui.
Nimekuachia ile rula kwenye kopo la bisibisi.
Sentimita za mwanzo zimeliwa na kukwangua,
inaanzia nne.
Wewe itakufaa.