Nafasi Moja ya Presha

Chali, saa nne. Vumbi limeijaza fomu
kabla yangu. Jina: Sechelela Chilongani.
Umri? "Andika mingi."

Macho? Kope zimegeukia ndani, zinakwangua mboni.
Ananionyesha kibanio. Huzing'oa mwenyewe,
kwa kupapasa.

Unaishi na nani?
"Na simu." Iko juu ya mtungi, imezimwa.
Huiwasha Jumamosi tu, kuokoa chaji,
na Simioni hapigi Jumamosi.

Kipato? Anainua vidole.
Jembe na jiwe la kusagia vimefuta mistari yote;
mashine ya malipo ilimwambia mara tatu
kwamba yeye si yeye.
Nikacheka. Hakucheka.
Nikaandika: *changamoto ya alama za vidole.*

Unaweza kuinuka bila msaada?
"Ngoja."
Nikangoja. Kuku akaingia, akadonoa punje ya uwele
karibu na kiatu changu, akatoka.
Bibi akasimama, kiganja ukutani mwa tembe,
akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Presha niliiacha mwisho.
Nikamfunga kitambaa mkononi, nikapampu.
Kikambana, kikashika,
kikalegea taratibu.
Mia sabini na nane, nikamwambia. Iko juu.

"Rudia."

Nikadhani hajanisikia. Nikapaza sauti: iko juu, bibi,
nitakuandikia uende zahanati.

"Nimesikia. Wewe rudia.
Tangu kifuku mkono huu
haujashikwa."

Fomu ina nafasi moja ya presha.
Nimejaza tatu, ya mwisho
pembeni, nje ya mstari.