Kioo cha Kushoto

Wingu lilikwisha kuvuka Kiloleni
Bwana Lusangija alipoingiza Karina yake gereji,
kioo cha dereva kimezama mlangoni
kama kobe aliyesikia hatua.
"Fanya hima, fundi. Juzi nimetoka Sikonge
bega moja masika, bega moja kiangazi."
Kushoto alikaa mkewe, Bi Nshoma,
ndoo ya asali katikati ya miguu,
kioo chake kimefungwa, shingo inachuruzika jasho.

Sikukimbilia bisibisi.
Bonyeza, nikamwambia, sikio nimelilaza mlangoni
kama mkunga.
Mota ikilalamika, kamba imekatika au reli imebana.
Mota ikinyamaza, tafuta umeme.
Ilinyamaza.
Kimya cha nyumba ya watu walionuniana.

Nikachomoa fyuzi, nikaitazama angani: nzima.
Nikabandua klipu za mlango moja moja, taratibu,
klipu ni jino la mtu mzima, likivunjika haliоti.
Ndani: vumbi jekundu la Tabora,
risiti ya mafuta iliyofutika,
sarafu ya hamsini,
nyuki mmoja mkavu, mwepesi kama ganda la karanga.

Nina taa yangu ya kupimia, balbu ya pikipiki
niliyoivika kifuko cha kalamu.
Kwenye fyuzi ikawaka.
Kwenye swichi, giza.
Basi umeme unatoka nyumbani na shambani haufiki.

Njia yenyewe ni lile bomba la mpira kwenye bawaba
ambamo waya hukunjwa kila mlango ukifunguliwa:
sokoni, msikitini, kwa mdeni asiyepatikana,
mara elfu na elfu, mahali palepale.
Waya wa bluu kwa macho ulikuwa mzima.
Nikauvuta, ukarefuka kama utumbo.
Shaba ndani imekatika, imeota kutu ya kijani,
ngozi tu ndiyo iliyobaki kuushikilia.

Nikakata, nikaunga kipande, nikatia lehemu, nikafunga tepu.
"Uache ulegee kidogo,"
alizoea kusema shangazi Kabula, wa karakana ya reli,
na akikuta nimeuvuta sana
ananipiga kidole kwa koleo.

Tone la kwanza likadondoka kwenye boneti.
Bonyeza.
Mota ikakohoa, kioo kikapanda kikitetemeka,
nikasugua mipira kwa kipande cha mshumaa,
kikapanda tena, safari hii bila kulia.

"Na hiki changu?" akauliza Bi Nshoma.
"Hicho kibovu," mume akanitangulia kujibu,
"mwaka wa pili sasa. Spea yake mpaka Dar."

Nikakijaribu kwa swichi ya dereva: kikashuka, kikapanda.
Kwa swichi ya mama mwenyewe: hakuna.
Hapo nikatazama mlango wa bwana,
pembeni ya zile swichi nne,
kitufe kidogo chenye picha ya kioo kilichopigwa mstari.
Kilikuwa kimebonyea.
Picha imefutika nusu
kwa kusuguliwa na kidole kimoja.

Tik.

"Jaribu sasa, mama."

Akajaribu. Chini. Juu. Chini.
Hakumtazama mtu.
Bwana Lusangija alihesabu elfu kumi na tano,
akarudia kuhesabu, noti zilikuwa tatu tu.
"Na cha kushoto, ngapi?"
"Cha kushoto hakikuwa na ugonjwa, bwana."

Mvua ikamwagika kwenye mabati
hata sikusikia Karina ikiwashwa.
Niliiona tu ikikata kona ya Cheyo,
kioo cha kulia kimefungwa barabara,
cha kushoto kiko chini kabisa
na kiwiko cha Bi Nshoma nje, kinalowa.
Sikuwa nimeangalia
kama ile ndoo ya asali ina kifuniko.